Haachii Mtu

Pale machinjioni hakuna aliyemwita jina lake la kuzaliwa. Walimwita Nanga, na ukimwona kazini hukuwa na haja ya kuuliza sababu. Fahali akishaingizwa kwenye sakafu ya saruji, kamba iliyofungwa pembe zake hupitishwa kwenye pete nene ya chuma iliyozamishwa chini, na wanaume upande wa pili huvuta mpaka kichwa kiiname, shingo ibaki wazi kwa mchinjaji. Nanga alishika mwisho wa kamba hiyo. Aliizungusha kiunoni, akakita visigino kwenye mfereji wa damu, na akishakita hasogei. Wenzake walimtania kwamba siku akifa itabidi azikwe wima, maana hakuna wa kumlaza.

Kamba ile ilikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe ilikuwa maneno mawili tu: haachii mtu. Uumwe na nyuki, uitwe na mkeo, kidole kikatike, maadamu mnyama bado amesimama huachii. Aliyeachia alichapwa kofi na kila aliyekuwa kwenye kamba, mmoja baada ya mwingine, kisha akanyimwa mgawo wake wa nyama siku hiyo. Mtu wa nje angesema ni ukatili. Mtu wa nje hajawahi kusimama hatua chache kutoka kwenye pembe.

Nanga alikuwa na sababu zake za kuiabudu sheria hiyo. Baba yake alikuwa mchinjaji hapohapo, na siku moja, Nanga mwenyewe akiwa kijana anayejifunza kazi, jamaa mmoja aliachia kamba ili apandishe suruali iliyokuwa ikimvuka. Suruali, basi, si kingine. Kichwa cha fahali kikainuka, pembe ikaingia chini ya mbavu za mzee, ikamnyanyua na kumtupa ukutani. Alikata roho kabla hawajamfikisha getini. Nanga hakulia. Alimfuata yule wa suruali nyuma ya mazizi, akampiga mpaka jicho la kushoto likapasuka, na watu walipokuja kumwondoa walimkuta bado anapiga. Mambo yakazungumzwa kifamilia yakaisha, yule mtu akahama na jicho lake moja, na Nanga akarudi nyumbani kuwa baba wa mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa bado anafutwa kamasi.

Alimlea. Alimlisha, alimsomesha mpaka pesa ilipogoma, alimpiga alipostahili na mara nyingine asipostahili. Kijana alipokua, Nanga alimtafutia kazi machinjioni, lakini si kwenye kamba. Hakutaka damu yake ikaribie pembe tena. Alimweka kwenye kuchuna ngozi, na huko ndiko ilikogundulika kwamba mkono wa kulia wa kijana yule ulikuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa anachuna ng'ombe mzima bila kutoboa ngozi hata tundu la sindano. Wenzake wakampa jina la Wembe, na wanunuzi wa ngozi walipofika asubuhi waliuliza kwanza zipi ni za Wembe, wakazilipia zaidi bila kubishana. Nanga alijifanya hasikii sifa hizo, ila kila mara alikuwa mahali anapoweza kuzisikia.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, magumu lakini yanaeleweka, mpaka karani wa mizani alipoleta hisa.

Karani wa mizani alikuwa ndiye mtu pekee machinjioni mwenye viatu visivyo na damu. Alipima nyama, akaandika, kisha akarudi kwenye simu yake. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya kampuni moja ya mashine za kufikiri, ambayo watu waliita Ubongo kwa sababu ya nembo yake. Ukiuliza Ubongo inauza nini, kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu hayakufanana. Faida ilikuwa haijapata hata siku moja. Lakini bei ya hisa yake ilipanda asubuhi, ikapanda mchana, na redio jioni ikatangaza kwamba soko la hisa limepanda. Uongo mtupu. Soko lenyewe lilikuwa jembamba mno, kampuni chache tu, na zile za saruji na bia na benki zilikuwa zimelala doro. Ni Ubongo peke yake iliyokuwa inabeba mizigo ya wote. Na hata hiyo Ubongo, hisa zilizokuwa zikibadilishana mikono kwa siku zilikuwa kiduchu, kwa sababu waliokuwa nazo walizikumbatia na wasiokuwa nazo walisukumana mlangoni. Hizo chache ndizo zilizokuwa zikiweka bei ya zote.

Nani alijali? Kinyozi alinyoa huku anatazama simu. Mwalimu wa hesabu aliuza pikipiki yake akanunua. Daktari wa mifugo, anayepiga mhuri wa zambarau kwenye nyama iliyo salama, siku moja alipitiwa na bei mpaka akajipiga mhuri mkononi, na watu wakamwambia angalau yeye sasa anafaa kuliwa. Vicheko vilikuwa vingi siku zile. Watu ambao hawajawahi kumiliki kiti kizima walikuwa wakizungumza habari za kustaafu.

"Hebu nieleze vizuri," Nanga alimwambia karani siku moja, wanaume wa kamba wakiwa wameketi kunywa chai. "Ikishuka je?"

"Bei haishuki yenyewe," karani alijibu, bila kuinua macho. "Inashushwa na waoga wanaouza. Watu wakikomaa nazo, wote, itashukia wapi?"

Nanga akaweka kikombe chini. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilikuwa kosa ambalo mwanasheria au mwalimu asingeweza kulifanya. Lilihitaji mtu aliyeona baba yake akitupwa ukutani.

"Basi hiyo ni kamba," alisema. "Mngesema tangu mwanzo."

Karani alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Wiki ileile Nanga alitoa pesa yote aliyokuwa nayo, pamoja na ya kiwanja alichoachiwa na baba yake na ya cherehani ya mkewe, akanunua Ubongo. Wanaume wa kamba wakanunua. Wachunaji wakanunua. Kisha akawakusanya kwenye ile pete ya chuma, wakaishika wote, wakaapa kwamba hauzi mtu mpaka wote wakubaliane siku ya kuuza. Na kwa vile alijua binadamu alivyo, akaweka utaratibu: kila Ijumaa, sakafu ikishaoshwa, kila mmoja anamwonyesha Nanga kioo cha simu yake, hisa zake zikiwa zimo.

Bei ikapanda. Ikapanda mpaka watu wakaanza kuongea kwa sauti za chini, kana kwamba itashtuka ikisikia kelele. Mkewe Nanga alikuwa mwanamke mtaratibu asiyependa maneno mengi, lakini mvua ilipoanza kuvuja juu ya kitanda cha watoto alishindwa kunyamaza.

"Baba watoto, uza nusu tu, tuezeke nyumba," alisema walipokuwa mezani. "Nusu si kuachia."

Nanga aliinua meza na vyote vilivyokuwa juu yake akaibamiza ukutani. Kipande cha sahani kikamchana mkewe paji la uso, damu ikamwingia jichoni. Watoto walitoka nje mbio. Mkewe aliosha uso kwenye beseni, akaokota vipande, na habari za bati hazikutajwa tena katika nyumba ile. Nanga aliona haya, lakini haya zake zilikuwa za aina ile inayomfanya mtu azidi kununa badala ya kuomba radhi.

Wembe naye alikuwa na mambo yake. Mkewe alikuwa na mimba, na mzee mmoja mwenye banda la kukaushia ngozi alikuwa anaacha kazi na anataka kuliuza haraka. Kwa mkono kama ule na banda la kwake, Wembe angeacha kuchunia watu wengine. Alimfuata kaka yake nyuma ya mazizi, mahali ambapo ng'ombe wa siku hiyo walikuwa wakisubiri zamu.

"Kaka, nataka kuuza zangu."

"Zako zipi?"

"Hisa. Nimepata banda. Mwenyewe anataka pesa yake mwezi huu."

"Mwambie asubiri."

"Hasubiri. Na mimi pia sitaki kusubiri. Kampuni haijapata faida hata siku moja, kaka, na bei yake inaweza kununua mji huu na sisi tukiwemo ndani. Ng'ombe wa hivyo wewe ungemnunua?"

"Baba alikufaje?"

"Acha hizo, kaka."

"Nimekuuliza. Baba alikufaje?"

"Mtu aliachia kamba," Wembe alisema. "Lakini kwenye hisa hakuna ng'ombe. Kuna simu."

Kofi lilimpeleka chini kwenye samadi. Nanga alisimama juu yake, akimnyooshea kidole.

"Ukiachia wewe, mdogo wangu wa damu, wale nitawaambia nini? Siku nikikuta huna, sitakujua."

Wembe alijifuta, akaenda zake. Aliuza kesho yake. Aliuza zote, akalipia banda, akarudi kazini akachuna ngozi zake kama kawaida. Na kwa bahati mbaya, maana bahati mbaya nayo ina kazi yake, wiki hiyohiyo bei ya Ubongo iliteleza kidogo. Sababu zilikuwa mbali sana na machinjio yale. Hisa za Wembe zilikuwa tone tu ndani ya pipa. Lakini nenda kawaeleze watu waliokesha wakitazama namba nyekundu kwa mara ya kwanza.

Ijumaa ikafika. Sakafu ilioshwa, simu zikatolewa. Aliyekuwa wa pili kwenye kamba baada ya Nanga aliitwa Kipara, mtu wa maneno mengi na kifua kipana, na siku hiyo alionyesha simu yake kwa kuinyanyua juu wote waone. Wengine wakafuata. Wembe angeweza kujidai simu imezima. Angeweza kusema ameisahau nyumbani. Badala yake aliiweka juu ya gogo la kukatia nyama, kioo kikitazama juu.

"Nimeuza," alisema. "Nimelipia banda. Sikuiba cha mtu."

"Ndiyo maana imeshuka," Kipara akasema, na watu wakaguna.

Makofi yakaanza. Wembe aliyapokea amesimama, mikono chini, kila mmoja akipita na kuchapa na kupisha mwenzake. Mdomo ulipasuka. Sikio moja lilianza kutoa damu. Yalipokwisha aliegemea gogo, akatema, akasema, "Haya. Tumemalizana?" Na yangeishia hapo, maana hasira za wengi zilikuwa zimeshatoka kupitia viganja. Lakini Kipara hakuwa ametosheka.

"Makofi ni ya kamba ya ng'ombe," alisema. "Huyu amewanyang'anya watoto wetu chakula. Angekuwa mwingine tungemwacha hivi? Au kwa kuwa ni mdogo wa mtu?"

Wote wakamtazama Nanga. Nanga akamtazama mdogo wake, akitamani kwa moyo wote kwamba kijana angepiga magoti, angelia, angesema neno lolote la kumwokoa. Wembe alikuwa na ulimi kama mkono wake, haukujua kwenda pembeni.

"Nyie mtauza tu," alisema. "Siku mtakayouza mtakosa wa kumuuzia."

Nanga akachukua shoka. Kipara na mwenzake mmoja walimkamata Wembe, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya gogo, kiganja chini. Hapo ndipo Wembe alipoelewa, na akaanza kupigana kweli. Aliuma, alirusha mateke, alimwita kaka yake. "Kaka, si mkono. Kaka. Nipige kichwa, si mkono." Nanga aligeuza shoka ili kisogo chake, si makali, ndicho kielekee chini. Pigo la kwanza liliangukia vidole, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mifupa tu, kwa kuwa Wembe mwenyewe alikuwa amebana pumzi. Pigo la pili liliangukia nyuma ya kiganja. Hapo alipiga ukelele, na ng'ombe waliokuwa mazizini wakaanza kulia pia.

Nanga aliosha shoka akalitundika. Ndani yake kulikuwa na kitu alichokionea aibu: alijisikia vizuri. Sheria ilikuwa imesimama. Alikwenda nyumbani akala, akalala.

Na bei ikapanda. Hilo ndilo lililokuwa tusi kubwa kuliko yote. Ikapanda wiki iliyofuata na wiki baada yake, kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, na machinjioni Nanga akawa mtu mkubwa. Walimletea chai. Walimpisha benchi. Daktari wa mifugo alimshika mkono akamwambia kwamba nchi ingekuwa na watu kumi wa aina yake ingefika mbali. Watu waliochapa makofi walisema walijua tangu mwanzo. Hakuna aliyemtaja Wembe, ambaye alilala hospitali, akaunganishwa mifupa, ikaungana vibaya, ikavunjwa upya na kuunganishwa tena. Mkono ulipotolewa kwenye plasta ulikuwa umekunjamana kama kipande cha tangawizi. Usingeweza kushika kijiko, sembuse kisu cha kuchunia. Nanga hakwenda kumwona. Alimtuma mkewe na bahasha, na mke wa Wembe, mimba ikiwa imemfika juu, aliichana bahasha pale mlangoni na kuwarushia kuku vipande vya noti.

"Mwambie shemeji," alisema, "akitaka kuleta kitu alete mkono."

Anguko lilikuja asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Redio ya getini ilisema wakubwa wa Ubongo wenyewe walikuwa wamegundulika wakiuza hisa zao kimyakimya kwa miezi, huku wakihubiri redioni kwamba huu ni mwanzo tu. Basi ilitosha. Kila mtu alikimbilia simu yake. Ukibonyeza kuuza, simu inakujibu usubiri. Unasubiri, bei inaporomoka. Unashusha bei unayotaka, inakupita ikishuka. Soko lilikuwa jembamba wakati wa kupanda na lilikuwa jembamba vilevile wakati wa kushuka: wauzaji walikuwa nchi nzima, na upande wa pili hakukuwa na mtu. Kufikia mchana hisa za Nanga zisingenunua kamba aliyoizungusha kiunoni. Alisimama katikati ya sakafu akinguruma, "Haachii mtu, nimesema haachii mtu," na hakuna aliyemsikiliza. Ng'ombe walilia mazizini bila kuchinjwa. Nyama iliyokuwa imetundikwa ilianza kuvuta nzi.

Walimkumbuka karani. Walimtoa chumba cha mizani kwa kumburuta, viatu vyake safi vikichora mistari kwenye maji ya damu, wakamtundika kwa mkanda wa suruali kwenye kulabu ya reli ya kubebea mizoga. Kipara alichukua mpira wa maji akaanza kumchapa nao, mgongoni, usoni, popote. Karani alikuwa akizunguka hewani huku analia kwa sauti nyembamba. Jino lilitoka. Mtu mwingine alimpiga kwa ndoo. Nanga alikuja akausimamisha mpira kwa mkono mmoja.

"Zako ziko wapi?" alimuuliza karani.

"Niliuza."

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya lile la mdogo wako." Karani alimeza damu. "Lakini mbona mimi tu? Muulize huyo anayenipiga."

"Huyu anaonyesha simu kila Ijumaa."

"Anaonyesha picha. Unapiga picha kioo ukiwa nazo, halafu unauza, halafu unaonyesha picha. Nilimfundisha mimi. Nimewafundisha nusu yao."

Kipara aliinua mpira kumnyamazisha, Nanga akamkamata kifundo cha mkono, akaitoa simu mfukoni mwake. Hakuwa hodari wa mambo hayo. Karani, akiwa bado ananing'inia, ndiye aliyemwelekeza: funga hiyo, rudi nyuma, sasa fungua ile yenyewe. Ilikuwa tupu. Kulikuwa na tarehe ya kuuza, na Nanga aliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu aliijua. Ilikuwa siku moja kabla ya Ijumaa ile. Kipara alikuwa ameshauza wakati anaukandamiza mkono wa Wembe kwenye gogo.

Akageuka kuwatazama wengine. Walikuwa wanarudi nyuma, mmoja mmoja, kila mtu ameficha simu yake mfukoni. Hakuhitaji kuzifungua. Wapo walioangushwa pamoja naye siku hiyo, lakini wengi pale kwenye kamba walikuwa wameachia kitambo, kwa simu za wake zao, kwa picha, kwa ujanja. Alikuwa amezungusha kamba kiunoni na upande wa mbele hakuna mtu.

Alimshika Kipara masikio yote mawili. Alimlaza chini akaugonga uso wake kwenye ile pete ya chuma waliyoishika wakiapa, akaugonga tena, pua ikaenda upande, meno yakabaki kwenye saruji. Hakuna aliyethubutu kuamua ugomvi. Angeua. Alikuwa na nia ya kuua, na mikono yake ilikuwa inakumbuka vizuri kazi hiyo tangu siku ya yule wa suruali. Kilichomzuia ni maneno ya Kipara, yaliyotoka kupitia damu na midomo iliyopasuka.

"Mimi nilishika tu," Kipara alisema. "Aliyepiga nani?"

Nanga akamwachia. Akainuka, akatoka getini vilevile alivyo, na buti na aproni ya mpira, na watu barabarani wakampisha.

Banda la ngozi halikuwa mbali, lakini alikuwa hajawahi kuingia. Mchana ulikuwa bado mkali na ndani kulinuka chumvi. Wembe alikuwa akipigilia ngozi kwenye fremu ya mbao. Mkewe anashika msumari, yeye anapiga nyundo kwa mkono wa kushoto, mara anapata, mara anakosa, na vidole vya mkewe vilikuwa na alama za kukosa huko. Kichanga kilikuwa kimelala juu ya magunia. Mwanamke alipomwona Nanga mlangoni alimbeba mtoto, akapita kando yake bila salamu, akaenda kusimama kwenye jua kali nje.

"Damu ya nani hiyo?" Wembe aliuliza.

"Ya Kipara."

"Ubongo imeanguka?"

"Imekwisha. Na wale wengi waliuza kitambo. Nimebaki mimi." Nanga alitafuta mahali pa kuweka macho. Ngozi zilizotundikwa zilikuwa na matundu, nyingi, kazi ya mchunaji wa kukodi asiyejua kitu. "Sikuja kuomba msamaha. Sijui unavyoombwa."

Alisogea kwenye benchi la mbao, akasukuma misumari pembeni, akalaza mkono wake wa kulia, kiganja chini.

"Chukua haki yako," alisema.

Wembe aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkubwa, wenye sugu za kamba miaka yote ile, mkono uliomlisha na kumpiga na kumfuta kamasi. Aliinua nyundo akaishusha kwa nguvu zake zote. Ikatua kwenye ubao, upana wa kidole kutoka kwenye kiganja, na vibanzi vikaruka. Nanga hakusogeza mkono.

"Usidhani nimekusamehe," Wembe alisema, akihema. "Nililenga. Huu wa kushoto bado haujajua kazi."

"Najua. Piga tena."

Mara ya pili haikukosa. Vidole vitatu vilivunjika pamoja, na Nanga akafumba macho akabaki wima, visigino vimekitwa kwenye udongo, akipumua kwa pua, bila kutoa sauti wala kuondoa mkono pale ulipokuwa. Akasubiri la tatu. Halikuja. Alipofumbua macho, mdogo wake alikuwa ameitupa nyundo chini na ameinua mkono wake mwenyewe wa kulia, ule uliokunjamana, ameusogeza kwenye mwanga wa mlangoni, anajaribu kufungua vidole, kimoja kimoja, kwa subira, machozi yakimtiririka.

"Haujanyooka, kaka," alisema.